Jina Hutolewa na Aliyepigwa

"Hiyo si Pangaboi! Pangaboi huzungukia juu. Huyu amezungukia chini, usawa wa magoti. Hiyo ni Fagio."

"Fagio linapasua taya?"

"La mama yangu lilikuwa linapasua."

Maneno hayo yalipenya ukuta wa mbao na kumfikia mwanamke aliyekuwa amesimama kwenye korido ya ghorofa ya pili, mikono kaiinua, huku mshonaji akimpima kiuno kwa mara ya tatu. Gauni lilikuwa la zambarau iliyokoza, kola ya kusimama, mikono iliyokoma kwenye viwiko, na upindo wake ulikuwa umeshikwa kwa pini kumi na mbili. Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana. Ngazi zilijaa watu waliopanda na walioshuka, na kila mmoja wao alimgusa begani na kumwomba radhi bila kumtazama.

"Ni akina nani hao?" aliuliza mwanamke.

"Wacheza gemu," alijibu mshonaji, midomo ikiwa imebana pini. "Kutwa kucha wanagombania majina ya mateke. Usiwajali."

Lakini alikuwa amekwisha kuwajali. Kazi yake ilikuwa ufasiri, na kwa wiki tano alikuwa amekaa ofisini mbele ya orodha ya mapigo sitini na manne ya gemu la mapigano, ambalo kampuni moja ya mbali ilitaka liongee Kiswahili. Hadi siku hiyo alikuwa amezalisha majina kama "Teke la Kimbunga Kikali" na "Ngumi ya Radi ya Maangamizi," majina ambayo yeye mwenyewe, aliyelipwa kuyatunga, hakuweza kuyasoma kwa sauti kabla ya kuhakikisha kwamba mlango umefungwa. Aliteremsha mikono, akaomba dakika mbili, akaufuata ugomvi pamoja na pini zake.

Ukumbi ulikuwa na skrini kumi na mbili, mabenchi yaliyong'arishwa na suruali za miaka mingi, na harufu ya waya ulioungua. Wagomvi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Kinyozi, ambaye kila alipokosa mteja alivuka barabara kuja kucheza, vipande vya nywele za watu vikiwa bado vimemganda shingoni. Wa pili alikuwa Muuguzi, mwanamke mnene wa viatu vyeupe, aliyekuja kila zamu yake ilipokwisha kuwapiga watu aliowahurumia kutwa nzima. Kando ya dirisha, kwenye meza iliyojaa matumbo ya vifaa, alisimama mwanaume wa miaka kama thelathini, shati la kijani lililokunjwa mikono, bisibisi mfukoni mahali ambapo wengine huweka kalamu. Alikuwa akitengeneza pedi za kuchezea. Kiti chake kilikuwa nyuma yake, na kwa namna kilivyopakiwa maboksi ilikuwa dhahiri kwamba hakukikalia.

"Samahani," alisema mfasiri. "Kwa nini isiwe Fagio?"

Mwanaume wa dirishani alimtazama kutoka kola hadi upindo. "Dada, gauni lako lina pini."

"Najua. Kwa nini isiwe Fagio?"

"Kwa sababu aliyesema Fagio ndiye aliyepiga. Humu ndani jina hutolewa na aliyepigwa."

"Kwa nini?"

"Anayepiga hujisifu. Anayepigwa hukumbuka."

Wapo wanahistoria waliozeeka kazini bila kuifikia kanuni hiyo. Mfasiri alitoa daftari dogo mkobani na kuiandika.

"Basi mimi ndiye niliyepigwa," alisema Muuguzi, "na nasema ni Pangaboi. Nimesikia mpaka upepo wa feni ya darini."

"Umeonewa huruma tu!" alilalamika Kinyozi.

"Nimepigwa, ndugu yangu. Sikuonewa huruma."

Ndipo mfasiri alipoeleza kazi yake bila kuficha kitu: kwamba kulikuwa na orodha ya mapigo ya gemu hilohilo wanalolicheza, kwamba majina yangetokea kwenye skrini za watu wasiojulikana, na kwamba yale aliyoyabuni yeye yalikuwa ya kutia haya. Kinyozi akataka kujua kama jina lake pia litaandikwa. Akaambiwa hapana. Akataka kujua kama sura yake itawekwa. Akaambiwa hapana kwa sauti ya upole zaidi.

"Mwacheni aandike," ilisema sauti kutoka mlangoni. Alikuwa Shangazi, mwenye ukumbi, ambaye mwanaume wa dirishani alikuwa mtoto wa kaka yake. "Lakini hapa hatuna watazamaji, mwanangu. Atakayekaa, acheze."

"Shikamoo, Shangazi. Sijui kucheza."

"Marahaba. Utapigwa. Kisha utajua."

Alipigwa. Alipigwa na Muuguzi, na Kinyozi, na mzee mmoja aliyeingia kuuliza njia. Alipokwisha kupigwa na yule mwanaume wa bisibisi, ambaye watu wote walimwita Fundi, alikuwa na majina tisa daftarini na pini mbili mguuni.

"Kwaheri, Daftari," alisema Fundi.

"Hilo si jina langu."

"Umepigwa na watu wanne. Ungeweza kutoa jina lolote. Hukutoa."

Alirudi Jumamosi iliyofuata, gauni likiwa limekamilika, na baadaye akaanza kurudi siku ambazo hazikuwa Jumamosi. Alijiambia kwamba ni kazi. Kwa wiki mbili hoja hiyo ilisimama yenyewe; baada ya hapo ilihitaji kuegemezwa.

Orodha ilijaa. Pigo la mgongoni, lile linalokuja pale unapodhani umebaki peke yako, liliitwa Mwalimu wa Zamu, na hakuna aliyepinga, kwani wote waliwahi kusoma. Pigo linalomkuta mpinzani hewani na kumfanya asimame wima, kimya, mikono pembeni, liliitwa Mkwe Kaingia. Kuhusu lile la moto wanaume walibishana siku tatu, hadi Muuguzi, aliyeunguzwa nalo mara nyingi kuliko wote, alipoamua kwamba ni Mafuta ya Jana, na mjadala ukafungwa. Fundi alizunguka ukumbini akiamua mashauri hayo, pedi moja mkononi, waya mmoja mdomoni, bila kusimama mahali pamoja kwa muda wa kutosha mtu kumkabidhi kikombe.

"Wewe huwa unakaa?" mfasiri alimuuliza.

"Nikilala."

"Ukilala unalala tu, hukai."

"Basi sikai. Na wewe? Shangazi anasema kila wiki unataja mtaa mwingine."

"Nimehama mara moja tu tangu nianze kuja."

"Ndani ya wiki tano!"

"Bomba lilikuwa linavuja."

"Mpenzi wangu Daftari," alisema Fundi, akilitamka neno la kwanza kwa wepesi wa mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake, "mabomba yote huvuja. Watu hununua ndoo."

Mfasiri alifungua daftari, akasoma ukurasa mtupu kwa dakika nzima.

Jumanne moja mchana, ukumbi ukiwa na watu sita tu na feni ikizunguka bila faida, walicheza wawili. Mfasiri alimchagua Bibi Mwavuli, mpiganaji kizee ambaye hakuna aliyemtumia kwa sababu alitembea polepole. Alipozidiwa alifanya alichokifanya siku zote: alilaza kiganja kizima juu ya vitufe. Kwenye skrini yule kizee aligeuza mwavuli wake, akamnasa shujaa wa Fundi shingoni kwa mpini, akamvuta taratibu hadi chini ya kitambaa, kisha akaufunga mwavuli wakiwa wote wawili ndani. Hawakuonekana. Mwavuli ulitikisika mara tatu. Ulipofunguka, shujaa alikuwa chini.

Fundi aliweka pedi mezani. Kwa miaka minane alikuwa ameliona kila pigo la gemu hilo, isipokuwa la sitini na nne, ambalo kwenye orodha ya mfasiri lilikuwa na namba bila maelezo, na wachezaji walikuwa wamekubaliana kwamba halipo.

"Fanya tena."

"Siwezi. Sijui nilichofanya."

"Miaka minane!" alisema Fundi. "Miaka minane, halafu wewe unakuja na kiganja!"

"Usikwepe. Umepigwa. Toa jina."

Fundi alitazama dirishani, mlangoni, na darini. "Nitakupigia simu," alisema.

Alipiga Alhamisi, saa ya chakula cha mchana. Yeye alikuwa akipanda na kushuka ngazi za kuelekea kwenye paa. Mfasiri alikuwa amesimama chooni ofisini, mahali pekee alipoweza kujifungia.

"Unahema nini?"

"Nipo kwenye ngazi."

"Unaenda wapi?"

"Juu. Sasa narudi chini. Sikiliza, nimelipata jina. Lakini usicheke."

"Mimi huwa sicheki."

"Karibu Ndani."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomtoka kabla hajakikagua.

"Nilikuambia usicheke!"

"Si kwa ubaya. Kwa nini Karibu Ndani?"

"Kwa sababu ndivyo nilivyosikia. Niliona mpini unakuja. Nilikuwa na muda wa kuruka, Daftari. Nilijua naenda kupigwa, na bado nikaenda." Hatua zake zilisimama. "Na sizungumzii gemu."

"Najua huzungumzii gemu."

"Basi?"

"Basi mimi nimekaa vyumba vitano kwa miaka minne, Fundi. Sijawahi kutoa nguo zote kwenye begi. Mimi si mtu wa kukaa."

"Nani amekuambia ukae? Mimi sijawahi kumaliza kikombe cha chai nikiwa nimekaa. Tutakuwa tunapishana mlangoni."

Alicheka tena, na safari hii hakujaribu kujizuia.

"Ila hilo jina lisiingie daftarini," alisema Fundi. "Mengine yote chukua. Hili ni letu. Namba sitini na nne waandikie chochote."

"Halitaingia, mpenzi."

Halikuingia. Daftari lilitimiza ahadi. Simu, kwa upande wake, haikuwa imeahidi chochote. Ilikuwa ikirekodi mazungumzo hayo kama ilivyorekodi mengine yote tangu siku mfasiri alipoanza kuhoji watu kwa ajili ya vijitabu vya afya na kilimo. Alikuwa ameiweka hivyo miaka minne nyuma, akalisahau jambo hilo kama mtu anavyosahau kwamba ana ini. Kila Ijumaa sauti zote zilikwenda zenyewe kwa mpiga chapa wa ofisi, ambaye alizigeuza maandishi na kuyajaza panapostahili. Namba sitini na nne ilikuwa bado tupu, na kazi ilitakiwa Jumatatu.

Wiki nne zilizofuata zilikuwa za furaha, na kwa hiyo hazina mengi ya kusimuliwa. Walipishana milangoni kama ilivyotabiriwa. Walitembea sana. Walipigiana simu kubishana kama pigo la kiwiko lilistahili kuitwa Samahani Mama, na mabishano hayo yalikwisha kwa maneno ambayo hayakuhusu viwiko. Kinyozi alianza kumwita mfasiri "shemeji," na Shangazi akaondoa maboksi kwenye kiti kilichokuwa nyuma ya Fundi ili mgeni apate pa kukaa.

Kisha toleo la majaribio likafika. Kampuni ililituma kwenye kumbi kadhaa, na Jumamosi hiyo watu arobaini walijibana mbele ya skrini moja kusikiliza gemu likisema maneno yao. Kinyozi alishika pedi na kuifungua orodha ya mapigo, akiyateremka moja baada ya jingine, na sauti nzito ya kiume ikayatamka.

"Pangaboi!"

Muuguzi aliinua mikono yote miwili kama aliyeshinda kesi.

"Mwalimu wa Zamu! Mkwe Kaingia!"

Watu walipiga mabenchi. Mfasiri alikuwa ndiyo kwanza anaingia, amevaa lile gauni la zambarau, kitambaa cheupe kichwani, mkononi mfuko wa machungwa aliowaletea wote. Alisimama mlangoni kwa kukosa nafasi, na kutoka hapo akamwona Fundi nyuma ya umati, kwa mara ya kwanza ametulia tuli, anatabasamu kama mtu anayesikiliza watoto wake wakisoma.

"Karibu Ndani!" ilisema sauti.

Kidole cha Kinyozi kikasimama.

"Hilo la nani?" aliuliza Kinyozi. "Sitini na nne? Nani alipigwa na sitini na nne? Si tulisema halipo?"

Kinyozi alibonyeza tena, na sauti ikarudia, nene, ya furaha, kwa mkazo uleule iliotumia kutangaza Mafuta ya Jana. Alibonyeza mara ya tatu. Mtu mmoja akacheka. Mwingine akaigiza sauti. Muda mfupi tu, watu arobaini wakawa wanakaribishana ndani kwa makofi na viuno.

Fundi alipasua njia hadi mlangoni.

"Uliniahidi."

"Sikuandika. Fundi, nakuapia, sikuandika."

"Basi limetembea lenyewe."

"Sijui lilivyofika! Nipe siku moja nita..."

"Nilikuambia jambo moja lisitoke. Katika majina sitini na manne, moja!" Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Niambie jambo, nikalale nikiwa najua. Nilikuwa mpenzi wako, au nilikuwa chanzo chako?"

Swali hilo lilihitaji jibu la haraka, na mfasiri alikuwa mtu aliyezoea kuhakikisha kwanza. Alichelewa kwa sekunde tatu. Ya kwanza Fundi alimtazama. Ya pili alitazama machungwa. Ya tatu alikuwa kwenye ngazi.

Jumatatu asubuhi mfasiri alimkuta mpiga chapa akifuta miwani. Alikuwa mama wa makamo aliyeifanya kazi hiyo tangu enzi za mashine za wino, na aliandika kila kitu alichokisikia, hata kikohozi.

"Namba sitini na nne, mama. Ilitoka wapi?"

"Ile simu ya Alhamisi, mwezi uliopita, dakika ya nne. Niliiweka mimi. Nafasi ilikuwa tupu, na lilikuwa zuri kuliko yote."

Mfasiri aliketi bila kuombwa. "Umesikia simu yote?"

"Ile sehemu ya kikombe cha chai sikuichapa. Hiyo haikuwa kazi." Mpiga chapa alivaa miwani. "Mwanangu, simu zako nimezichapa miaka minne. Hiyo ndiyo ya kwanza nimesikia unacheka. Nilidhani unajua kwamba nasikia."

"Nilisahau."

"Basi na yeye hakujua."

"Hakujua."

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, wala si jina. Kutwa nzima ya Jumamosi na ya Jumapili alikuwa amejiandalia utetezi wa mtu asiye na hatia, na sasa hatia ilikuwa imepatikana, na ilikuwa yake. Ndogo kuliko aliyodhaniwa, lakini yake. Alimpigia Fundi. Simu ilikatwa. Alipiga mara nyingine, na nyingine, asubuhi, mchana na jioni, akisimama, akitembea, akiwa kwenye foleni ya benki, na kila mara ikakatwa, hadi siku ya tatu akaacha, kwa sababu alitambua kwamba anachotaka kumwambia hakikuwa kitu cha kulazimishwa masikioni mwa mtu.

Orodha ya mwisho ilikuwa ifungwe Ijumaa. Alhamisi aliingia kwa Meneja.

"Nataka kuliondoa jina la sitini na nne."

"Hilo?" Meneja alishangaa. "Kampuni inalipenda kuliko mengine yote. Wanataka kuliweka kwenye tangazo. Kwa nini?"

"Lilipatikana kwa kumrekodi mtu bila kumwambia."

Meneja aliinuka, akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ofisi, jambo ambalo huchukuliwa kuwa la katikati. "Sikiliza, dada. Kila jina linaloondolewa linaandikiwa sababu, na sababu inasomwa huko juu. Gemu la pili linakuja wiki ijayo. Nilikuwa nakuweka wewe. Ukiandika hilo la kurekodi, sitaweza. Andika tu kwamba jina halifai."

"Linafaa. Hilo ndilo tatizo."

"Nani ataumia ukisema halifai?"

Mfasiri alifikiri. Alikuwa na chumba ambacho hakukipenda, begi ambalo halijafunguliwa, na kazi moja aliyokuwa ameifanya vizuri. "Aliyelitoa," alisema. "Atasoma kwamba halikufaa."

Aliandika barua mezani kwa Meneja, kwa kalamu ya Meneja. Nakala moja, kama taratibu zilivyotaka, ilipaswa kupelekwa kwa chanzo.

Kule ukumbini, wiki moja baadaye, Fundi alikuwa akifungua pedi.

"Hiyo umeifungua mara tatu leo," alisema Shangazi. "Haina ugonjwa. Anayeumwa ni wewe."

"Kitufe kinakwama."

"Hakikwami. Kaa chini."

"Sikai, Shangazi."

"Wiki nne ulikuwa unakaa. Nilikuona. Ulikaa mpaka nikaogopa." Akamwekea bahasha mezani. "Hii imeletwa na mama mmoja mwenye miwani. Amesema ni nakala ya chanzo. Sikujua nina chanzo nyumbani kwangu."

Fundi alikwenda nayo kwenye ngazi. Ilikuwa na mhuri na namba ya kumbukumbu, na haikuwa na neno hata moja la mapenzi. Ilisema:

"Napenda kuarifu kwamba jina la pigo Na. 64 liondolewe. Lilitolewa na mtu binafsi katika mazungumzo ya simu ambayo yalirekodiwa bila yeye kuarifiwa, baada ya kuomba waziwazi lisitumike, na mimi kukubali. Kurekodiwa huko hakukuwa kwa makusudi, lakini wajibu wa kujua ulikuwa wangu. Jina lenyewe halina kasoro yoyote. Ni bora kuliko yote yaliyomo katika orodha, na si letu."

Aliisoma akipanda. Aliisoma tena akishuka. Katikati ya ngazi aliketi kwenye saruji na kuisoma mara ya tatu, watu wakimruka.

Kisha akapiga simu.

"Halo," ilisema sauti ya mfasiri, kwa tahadhari.

"Hii simu inarekodi?"

"Hapana. Nimeizima."

"Nitajuaje?"

"Hutajua."

Fundi alikunja miguu kumpisha mtu aliyekuwa akipanda.

"Hilo ni jibu zuri," alisema Fundi. "Nililitaka baya. Ulipaswa kuniambia."

"Nilipaswa."

"Usikubali haraka hivyo, nilikuwa nimejiandaa!"

"Basi endelea. Nasikiliza."

"Watu arobaini, Daftari. Kinyozi mpaka leo anawakaribisha wateja wake ndani. Mtu ananyolewa anakaribishwa ndani! Na mimi ndiye niliyelitoa, siwezi hata kusema ni langu, siwezi kusema si langu. Na wewe umesimama pale na machungwa. Nilikuuliza kitu kimoja, ukanyamaza."

"Nilikuwa nahakikisha."

"Unahakikisha nini? Kama unanipenda?"

"Kama nilikuwa na haki ya kusema hivyo wakati huo. Kupenda nilikuwa nimekwisha kuhakikisha siku ya ngazi."

Kutoka upande wa Fundi ilisikika pumzi ndefu, na nyuma yake mtu akiomba apishwe apite na cherehani.

"Na wewe ulinikatia simu mara kumi na tisa," alisema mfasiri. "Hilo nalo liandikwe."

"Ulihesabu?"

"Ningeacha kuhesabu, ningeacha kupiga."

"Kazi yako je? Gemu la pili?"

"Limepewa mwingine. Nimesikia ameanza na Ngumi ya Radi."

"Maskini sisi." Fundi alisita. "Uko wapi?"

"Nahama."

"Tena! Unahamia wapi?"

"Sijapata. Nakwenda kuona chumba saa kumi."

"Nije?"

"Kufanya nini?"

"Nyaya. Vyumba vyako vyote vilikuwa na umeme wa kuua mtu. Mtu anayejua anapaswa kutazama."

"Fundi."

"Naam."

"Njoo."

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, geti la kijivu, nguo za watu wa aina tatu zikikauka kwenye kamba moja. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa kanga mbili na funguo nyingi, na aliwatembeza kwa mwendo wa mtu aliyewatembeza wengi na kuwaamini wachache. Chumba kilikuwa na madirisha mawili na sakafu nyekundu iliyopigwa rangi karibuni. Mfasiri aliingia amevaa sketi ya kazini na viatu vya kutembelea. Alitazama kona, akatazama dari, akafungua dirisha na kulifunga. Fundi alikwenda moja kwa moja kwenye swichi, akaweka sikio ukutani na kuanza kugonga kwa kidole, akiufuata waya kuelekea juu.

"Masharti yangu si mengi," alisema mwenye nyumba. "Maji asubuhi. Geti saa nne. Sitaki mtu anayekaa miezi miwili akaondoka, maana nachoka kupaka rangi. Utakaa?"

"Nitakaa," alisema mfasiri, na alishangaa kidogo kwa kutosikia shaka popote katika neno hilo.

"Peke yako?"

Fundi aliendelea kugonga ukuta, taratibu zaidi.

"Nauliza kwa sababu ya geti," alisema mwenye nyumba. Alimnyooshea Fundi ufunguo. "Huyu anayegonga ukuta wangu ni nani wako? Kaka? Fundi wa umeme?"

Fundi aligeuka, tayari kukubali kwamba alikuwa fundi wa umeme. Ndiyo ilikuwa njia rahisi, ilikuwa na ukweli ndani yake, na hakuna ambaye angelaumiwa.

"Mchumba wangu," alisema mfasiri.

Hakuwa ameulizwa na Fundi, wala hakuwa amemuuliza. Hapakuwa na pete, wala barua, wala mjomba aliyetumwa. Jambo lilisemwa mchana kweupe, mbele ya shahidi mmoja aliyetaka kujua habari za geti, na yeyote kati ya watatu hao angeweza kulipinga.

Fundi aliuondoa mkono ukutani.

"Waya wa dirishani umeoza," alimwambia mwenye nyumba. "Kesho nakuja na mwingine. Na hilo geti, mama, tutahitaji funguo mbili."